Kipa Aliyeuza Magoli Mawili

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Mama yangu alikuwa na duka la vitenge Kigoma, na mtoto aliyelelewa nyuma ya kaunta hujifunza kutazama mikono ya mtu kabla ya kumtazama usoni. Kwa hiyo mwaka ule tuliohamia Gaithersburg, Maryland, huku Marekani, mume wangu alipoanza kutoweka kila Jumapili baada ya ibada akiwa na begi dogo la bluu, sikumwuliza anakwenda wapi. Nilimfuata.

Nilimkuta kwenye nyasi za nyuma ya kanisa moja la Wazungu, ng'ambo ya barabara ya 270, anakimbia na wanaume wenzake wenye vitambi, wote wakipiga kelele za Kiswahili kana kwamba wako kwao. Magoli yao yalikuwa mapipa ya taka upande huu na maboksi ya barafu upande ule. Nikakaa ndani ya gari nikawatazama mpaka mwisho. Hapakuwa na mwanamke hata wa dawa. Nilirudi nyumbani nimefarijika, na nimekereka kidogo pia, maana nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu yote.

Jumapili iliyofuata nikapika pilau, nikabeba sufuria hadi uwanjani. Mume wangu alidhani ni mapenzi. Mapenzi yalikuwamo, lakini zaidi nilitaka kuwaona hao watu kwa karibu. Mtu akiwa na sahani mkononi husema mengi ambayo angeyameza. Ndivyo nilivyoingia katika historia ya timu ile, nikawa mpishi wake kwa miaka, na kwa kuwa wenyewe waliishia kupiga picha tu, historia iliyobaki ni hii niliyonayo mimi.

Mwanzoni walikuwa Watanzania watupu: dereva mmoja wa ubalozi, wanafunzi waliokuwa wamepanga mtaa wa Shaw, Washington, kabla kodi hazijawafukuza, na wengine wa kazi za kutunza wazee na za maghala kama sisi. Kisha wakaja Wakenya. Watanzania wakanong'ona kwamba Wakenya wamekuja kuchukua uongozi. Wakenya wakanong'ona kwamba Watanzania wanasalimiana mpaka refa anapuliza filimbi wao bado wako kwenye habari za shangazi. Wote walisema kweli. Waliokaa Maryland waliwashuku waliokaa Virginia kuwa wanajiona. Na chini ya yote hayo kulikuwa na shuku moja isiyosemwa: nani ana karatasi na nani hana. Ukimwuliza mtu aliingia na viza gani, anakohoa, anainama kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Aliyependa maswali hakupewa pasi.

Vuli ya kwanza ya timu ndiyo vuli ile ambayo kulikuwa na watu wanawapiga wenzao risasi kutoka mafichoni, kwenye vituo vya mafuta na maegesho ya maduka, pande zetu hizihizi. Shuleni watoto hawakutolewa nje kucheza. Sisi tulijaza mafuta tumeinama. Redio ikawa inasema tafuteni gari jeupe la mizigo, na beki wetu mmoja alikuwa na gari jeupe la mizigo, la kazi yake ya kusafisha mazulia. Polisi walimsimamisha mpaka akaacha kutoka. Wauaji walipokamatwa, gari lao halikuwa jeupe wala la mizigo. Lakini wachezaji wenzake waliendelea kuegesha mbali naye hadi majira ya joto, nami niliona kwa macho yangu. Shuku ikishaingia kwa mtu haijali kwamba kesi imekwisha.

Katibu wa timu alikuwa Mkenya wa Nakuru, kijana wa kompyuta aliyefanya kazi Falls Church, mtu safi, mwepesi wa kucheka, na mgonjwa wa mikutano. Mpira ukipasuka, mkutano. Mvua ikinyesha, mkutano. Alikuwa na ndoto moja, na kwa kweli ilikuwa ndoto yetu sote: timu yetu icheze nyumbani. Ligi ile ya Jumapili ilikuwa na sheria kwamba huruhusiwi kukaribisha wageni mpaka uwanja wako uwe na magoli ya kweli, milingoti na nyavu. Kanisa lilitupa nyasi, halikutupa magoli. Kwa hiyo kila mechi tulikuwa wageni. Tulizunguka barabara ya Beltway, ile inayouzunguka mji wa Washington, kama kuku asiye na banda, na masufuria yangu yamefungwa mikanda kiti cha nyuma.

Hapo ndipo alipokuja kipa.

Alikuwa Mkongo wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu, mrefu, mpole, mwenye mikono ya kuokota jiwe kama yai. Alikuwa amekaa Ufaransa miaka mingi, ndipo mkewe akapata kazi ya ukalimani Washington, wakahamia nyumba ya kupanga Falls Church, Virginia, karibu na Route 7. Yeye mwenyewe alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Glavu zake alizifua kwa sabuni ya watoto na kuzianika kivulini. Mimi aliniita mama, ingawa nadhani tulilingana umri, na mume wangu, kwa kuwa ndiye nahodha wetu, alimwita kapiteni, na aliposhika sahani ya pilau aliishika kwa mikono miwili.

Nikamshuku mara moja. Mtu mwenye adabu kiasi hicho anaficha nini?

Alichokuwa nacho, na alikitoa kila tulipokula, ni historia ya klabu yake ya Ufaransa. Si klabu ya kwenye televisheni. Ni klabu ya kimji chenye kanisa, kiwanda cha sukari na mitaa ambayo, alisema, ukipiga chafya wa mwisho anakuombea afya. Klabu ilianzishwa na padri aliyetaka kuwatoa vijana kwenye mvinyo, akisaidiwa na mwenye bucha aliyekuwa akiwauzia mvinyo huohuo. Uwanja wao ulikuwa zamani shamba la viazi vya sukari, na uliinama kona moja, kiasi kwamba wageni kila mara waliamini wenyeji wameuinamisha makusudi. Wakati wa vita watu walikata milingoti ya magoli wakaichoma wapate joto. Vita vilipokwisha hapakubaki kitu, nyasi tu, na hapo wakaanza desturi moja.

"Kila mutu mupya," alituambia, "mwaka wake wa kwanza analeta kitu ya uwanja. Moja alileta miti, akaipanda pale nyuma. Mwingine alileta banc ya kanisa, tunakaliaka. Mutu wa gari-moshi alileta saa, ile saa haikusemaka kweli hata siku moja. Na hausemi. Unaleta, unatia pale, unanyamaza. Watu wanakuja dimanche, wanakuta kitu iko."

Yeye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi yao. Walimpa jezi, lakini kwenye ile benchi ya kanisa hakuna aliyesogea ampishe. Alikuwa fundi wa vigae siku zile, basi wiki moja akaingia chumba chao cha kuogea, akabandika vigae vyeupe ukuta mzima, akafunga mlango akaenda zake. Jumapili akakuta nafasi kwenye benchi.

"Walikushukuru?" nikamwuliza.

"Hapana, mama. Walisogea tu."

Wachezaji wetu walicheka, wakamwambia huku kwetu mgeni analeta pilau ya mkewe. Mimi sikucheka. Benchi ya kanisa, saa ya mwongo, vigae: ilikuwa tamu mno, na kitu kitamu mno mimi hukitafuta kasoro. Nilimfanya aisimulie tena wiki nyingine, na nyingine, nikitega sikio. Mwongo hubadilisha. Yeye hakubadilisha hata mti mmoja, na hilo nalo likanitia wasiwasi.

Mechi ya mwisho ya msimu tulicheza na Wahabeshi wa Virginia, kwao. Hawa walikuwa na kocha, na kocha msaidizi, na mtu wa kubeba maji tu. Tukishinda tunapanda kundi la juu. Mvua ilinyesha toka asubuhi. Goli la kwanza lilimpita kipa wetu katikati ya miguu, tobo la aibu, la kuchezewa mtoto. La pili lilipigwa kutoka mbali, akalidaka, tukashangilia, likamponyoka kama sabuni likaingia. Mbili bila. Filimbi ya mwisho ikalia. Alivua glavu, akaenda zake maegeshoni na simu.

Kabla giza halijaingia katibu alikuwa sebuleni kwetu, soksi zimelowa, amekataa chai.

"Captain, mimi sitaki maneno mob. Nili-change soksi nyuma ya gari, jamaa hakuniona. Ako kwa simu. Ati, 'Nilisha uza magoli mbili. Usiambie mutu.' Word for word! Tumefungwa ngapi? Mbili. Na alikuwa anacheka. Mtu amefungwa mbili, anacheka nini?"

Mume wangu, ambaye ni mtu wa Morogoro na si mwepesi wa hasira, alikuna goti. Kila anayejua mpira anajua kuuza mechi ni nini. Ni neno ambalo likishamwangukia kipa, hata akihama bara litamfuata.

"Ngojeni," nikasema. "Wakongo wakisema kuuza, wanasema kununua."

Wakanitazama kama nimetukana. Nikawaeleza. Nilikuwa mdogo pale dukani, akaja mama mmoja kutoka ng'ambo, amejitanda vizuri, akamwambia mama yangu, "Nataka kuuza bitenge." Mama akamjibu kwa ukali kwamba hata yeye anauza, kwa hiyo atafute pa kuuzia kwingine. Yule mama akarudia, "Nataka kuuza! Feza iko!" na akaonyesha pesa. Walivutana mpaka jirani akaja kuwatenganisha, na toka siku hiyo mama akimwona mteja wa ng'ambo anasema kuuza, anakunjua vitenge mezani. Kigoma kila mwenye duka anajua hilo.

Katibu alifikiri. Alikuwa na akili, sitamnyima.

"Sawa, shem. Wacha tuseme amenunua. Nani hununua magoli?"

Nikamimina chai aliyoikataa, nikainywa mwenyewe.

"Mtu wa kununua mechi na mtu wa kuuza mechi ni beshte," katibu akaendelea. "Na hiyo ya 'usiambie mutu' nayo ni Kikongo ya nini?"

"Binamu yako anavaa glavu saizi gani?" nikamwuliza.

Alikuwa na binamu mfupi aliyejiona kipa, na kila msimu katibu alimpendekeza. Alinyanyuka akasema amedharauliwa. Mume wangu akamtuliza, akamsindikiza mlangoni, akarudi akasimama mbele yangu.

"Na wewe," akasema taratibu, "mbona unamtetea sana yule bwana?"

Niliolewa na mtu huyu nikiwa binti, nikamzalia, nikamfuata hadi kwenye theluji. Hakuwahi kuniuliza swali la namna ile, na lilinichoma. Mimi niliyemfuata yeye hadi nyuma ya kanisa nilijua vizuri lilikotoka. Lakini kumshuku mtu ni kitu kimoja, na kushukiwa ni kingine kabisa, na sikuwa nimeonja hiki cha pili. Nikamwambia chakula kiko jikoni, ajipakulie.

Lisemwalo lipo, watu husema, na kama halipo laja. Wiki ile lilikuwa njiani. Simu zilipigwa Silver Spring, zikapigwa Alexandria. Mmoja akakumbuka kwamba kipa aliwahi kusalimiana na kocha wa Wahabeshi kwa kumkumbatia. Mwingine akasema, na ile hadithi ya Ufaransa, kwa nini aliondoka huko? Dereva wa ubalozi, ambaye alitakiwa ajue mambo ya dunia, akasema Wakongo wote ni hivyo. Nikamwuliza hivyo vipi, akasema basi tu, hivyo.

Jumapili iliyofuata katibu aliita mkutano nyumbani kwetu. Wanaume walijaa sebuleni, wengine wamekaa ngazini. Mimi nilikuwa jikoni na chai, mlango wazi. Kipa alikuja amevaa shati la kupigwa pasi, akavua viatu mlangoni peke yake ingawa hakuna aliyevua, akapewa kiti cha katikati.

Mume wangu alianza kwa heshima. "Kaka, tumekuita tuulizane kiume. Kuna neno tumelisikia. Uliuza, au hukuuza?"

Uso wa yule mtu ulifunguka. Sijasahau. Alitabasamu kwanza kwa macho, kisha akajipiga paja kama mtu aliyekamatwa anaficha keki ya sikukuu.

"Aaa! Nani aliwaambia? Njo, niliuza."

Ndiyo yake hiyo ilitosha, sebule yote ikapumua pamoja. Katibu aligeuka kuwatazama wenzake, mmoja mmoja.

"Yote mawili?" akauliza.

"Yote mbili. Moja inafanya nini?"

"Na mbona hukutuambia?"

"Lakini haisemwake! Kule kwetu kila mutu mupya anafanyaka hivi. Unanyamaza tu. Sasa mumeniharibia."

Niliacha birika. Kila jibu lake lilikuwa linajifunga kitanzi shingoni naye anacheka. Nikatoka nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti, "Jamani, huyu anasema amenunua. Kuuza kwake ni kununua. Mwulizeni amenunua nini."

"Mama watoto," mume wangu akasema bila kunitazama, "tuachie kidogo."

"Okay, so umenunua," katibu akasema. "Uli-bribe nani? Refa? Uli-bribe nani, boss?"

Neno hilo alilijua. Lingala, Kifaransa, Kiswahili, neno la rushwa halihitaji mkalimani. Nilimwona akigeuza kichwa taratibu, akiwatafuta usoni, kuanzia kwa dereva wa ubalozi hadi kwa beki wa mazulia, ambaye aliinamisha macho chini haraka kuliko wote. Akafika kwa mume wangu.

"Kapiteni. Munafikiri hivyo?"

Mume wangu alisema, "Kaka, tunauliza tu."

Kipa alinyanyuka. Kisha akachukua mfuko wake, akatoa jezi, imefuliwa, imekunjwa, akaiweka kwenye mkono wa kiti. Glavu alibaki nazo. Aliniambia, "Mama, merci ya chakula," akavaa viatu vyake vizuri, kamba na yote, akatoka. Angeweza kusema neno moja tu akajiokoa. Siku zile nilimkasirikia kwa kutolisema. Sasa naelewa kwamba zawadi ukiitoa ili upone, imeshageuka kuwa kitu kingine.

"Umeona?" katibu akasema mlango ulipofungwa. "Asiye na makosa hujitetea."

Nikamwambia mkutano umekwisha, chai imepoa, kila mtu na gari lake.

Katikati ya wiki hiyo lori la mizigo lilisimama mbele ya nyumba. Mume wangu alikuwa na siku ya mapumziko. Wale vijana wawili wa lori walishusha maboksi marefu, mazito, wakayalaza kwenye kinjia cha mlangoni, wakataka sahihi. Mume wangu alikataa kutia. Alidhani ni ulaghai, maana siku zile kulikuwa na watu wanakuletea kitu hukuagiza kisha wanakudai. Alizunguka maboksi kama mtu anayekagua nyoka. Karatasi iliyobandikwa ilikuwa na jina la kipa, na chini yake anwani yetu, sisi tuliokaa karibu na uwanja.

"Unaona?" akaniambia. "Sasa anatuletea mambo yake nyumbani."

Binti yetu alitoka nje na kijiko cha nafaka mdomoni, akainama akasoma ubavu wa boksi.

"Dad, it's goals," akasema. "Like, actual goals. With nets."

Mume wangu hakuelewa, au hakutaka. Alikwenda kuleta kisu akakata utepe mwenyewe. Mabomba meupe ya alumini yaling'aa ndani ya plastiki, nguzo na miamba, na nyavu mpya zimekunjwa kama vyandarua. Boksi lingine, vilevile. Akaketi kwenye ngazi ya mlango, kisu mkononi.

"Magoli," akasema. "Magoli mawili."

Neno lenyewe tulikuwa nalo siku zote. Goli linaloingia na goli linaloingiwa, kwa Kiswahili chetu ni neno moja, na hakuna hata mmoja wetu, hata mimi mwenye Kigoma yangu yote, aliyefikiria lile la pili. Tulikuwa tumecheza kati ya mapipa muda mrefu mno. Magoli ya milingoti yalikuwa vitu vya watu wengine.

Nililia. Nasema wazi, nililia palepale nje, jirani yetu Mzungu akatazama kutoka kwenye bustani yake kisha akaingia ndani. Nilimlilia yule mtu aliyekaa katikati ya sebule yangu akicheka kwa furaha huku tunamhukumu. Nililia kwa hasira pia.

Mume wangu alimpigia simu katibu, na mimi nikasikiliza. Alimweleza yaliyomo ndani ya maboksi. Halafu nikasikia, "But Captain, na kama alizinunua na zile pesa alilipwa?"

Sijawahi, kabla wala baada, kumsikia mume wangu akimkatia mtu simu.

Jumamosi tulikwenda Falls Church nyumbani kwa kipa, mimi na mume wangu. Katibu alituma ujumbe kwamba angependa kuja. Mume wangu hakujibu. Nilipika sambusa, nikavaa kitenge changu kizuri. Njia nzima ya Beltway alikuwa akifanya mazoezi ya maneno kwa sauti ya chini, anayaanza, anayaacha. Mara moja akasema, "Na lile swali nililokuuliza wewe, mke wangu, nalo." Nikamwambia atazame barabara.

Mkewe kipa alitufungulia. Alikuwa mwanamke mdogo mwenye miwani, alijua sisi ni akina nani, na hakutabasamu. Lakini alitandika kitambaa mezani, akaleta soda na glasi, akapokea sambusa kwa mikono miwili kama mumewe. Kipa alitoka chumbani amevaa sare zake za hospitali, alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Akamshika mume wangu mkono. Akaniinamia. Glavu zake zilikuwa dirishani, kivulini.

Mume wangu hakuketi. "Kaka," akasema, "magoli yamefika. Nimekuja kukuomba msamaha, mimi kama nahodha na kama mtu. Tulikosea. Tulidhani umeuza. Rudi, ndugu yangu. Uwanja ni wako."

"Munaweza kucheza nyumbani sasa," kipa akasema.

"Tunaweza. Ligi wamekubali. Lakini na wewe golini."

Kipa alitikisa kichwa, bila hasira. Alisema magoli tubaki nayo, maana kitu cha uwanja ni cha uwanja, hakirudi na mtu. Alisema nyavu tuzivue kabla ya theluji, zisioze. Alituonyesha kwa mikono namna ya kukaza kamba za pembeni ili upepo usizilaze. Mume wangu alisikiliza kwa makini kama mwanafunzi, na mimi nikaanza kuamini kwamba yamekwisha, kwamba watu wakishafika kwenye kamba na upepo wamesameheana.

Kisha akachukua funguo zake, akatusindikiza hadi mlangoni.

"Kapiteni, mi sina kinyongo," akasema. "Lakini tusichanganye. Mimi niliuza. Ninyi njo muliniuzisha."

Akatutakia safari salama, akafunga mlango polepole.

Tuliingia kwenye gari. Mume wangu aliendesha hadi Route 50, akaingia Beltway, akajipanga nyuma ya lori. Nilijua anayageuza maneno yale kichwani akiyatafutia pa kushika, na nilijua atayashika vibaya, kama tulivyoshika yale ya kwanza.

"Anasema sisi ndio tulimfanya auze?" akauliza mwishowe. "Auze nini? Hakuuza kitu yule. Kuuzisha maana yake nini, huko kwenu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza. Nikatazama mbele.

"Kuuzisha kwao ndiko kuuza kwetu sisi," nikamwambia.